Dozi Katika Lugha Tatu: Kiswahili na Maswali ya Ukokotoaji wa Dawa Katika Mtihani wa Usajili wa Wauguzi



1.0 Utangulizi

Katika wodi ya watoto, nukta moja ya desimali ikiandikwa pasipo mahali pake, mtoto hupewa dawa mara kumi ya ile anayostahili, au sehemu moja tu ya kumi. Kwa sababu hiyo, kila nchi inayosajili wauguzi hutaka kuthibitisha kwamba anayekabidhiwa sindano anaweza kukokotoa kiasi cha dawa. Tanzania nayo hufanya hivyo. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo lenye dhamana ya kusajili wauguzi na wakunga na kuwapa leseni, na mhitimu wa chuo hupita katika mtihani kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Maswali ya ukokotoaji wa dawa ni sehemu ya mtihani ambayo wahitimu wengi huiogopa.

Kwa desturi hofu hiyo huelezwa kuwa ni hofu ya hisabati. Husemwa kwamba mwanafunzi alikuwa dhaifu katika hesabu tangu shule ya msingi, na udhaifu huo umemfuata hadi chuoni. Mhadhara huu unatoa maelezo tofauti. Hesabu inayodaiwa katika maswali haya haizidi kuzidisha, kugawanya na kubadili vipimo, yaani kazi inayofanywa kila siku sokoni. Kinachomkwaza mtahiniwa mara nyingi ni sentensi iliyoibeba hesabu hiyo. Kabla swali la dawa halijawa hesabu, ni matini. Na matini hayo yameandikwa kwa Kiingereza, yanafikiriwa kwa Kiswahili, na mwishowe, katika mkoa kama Simiyu, hutamkwa kwa Kisukuma mbele ya mama au bibi aliyemshika mtoto. Dozi husafiri katika lugha tatu, na inaweza kupotea katika kila kivuko.

Mifano ya maswali itakayotolewa imetungwa kwa ajili ya mhadhara huu. Haikunukuliwa katika mtihani wowote.

2.0 Simiyu na lugha zake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na makao makuu yake yakawekwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu milioni 1.6 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Wengi wao ni Wasukuma, ingawa huko Meatu wako pia Wataturu na Wahadzabe. Wataalamu wa lugha za Kibantu hukifahamu Kisukuma kwa alama F21 katika uainishaji wa Guthrie, jirani wa karibu wa Kinyamwezi, F22. Lahaja inayosemwa Bariadi na viunga vyake ni ile ya Ntuzu.

Mtoto wa Nkololo au Dutwa kwa kawaida hujifunza kuhesabu mara tatu. Nyumbani huhesabu ng'ombe kwa Kisukuma. Katika shule ya msingi huhesabu kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, namba zilezile humjia kwa Kiingereza, na huendelea hivyo hadi chuo cha uuguzi, kiwe Kolandoto mkoani Shinyanga, Bugando jijini Mwanza au kwingineko. Akirudi Bariadi na leseni yake, mwendo hugeuka: cheti cha dawa ni cha Kiingereza, mazungumzo na muuguzi mwenzake ni ya Kiswahili, na maelezo kwa mgonjwa mzee ni ya Kisukuma.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa balaa. Mtu wa lugha tatu ana mizani tatu za kupimia jambo moja. Shida huanza pale ambapo mizani hizo hazikulinganishwa, na kila moja ikaachwa isome uzito wake.

3.0 Maneno yanayopotosha hesabu

3.1 Dozi

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni lile linalodhaniwa kuwa rahisi kuliko yote. Kiswahili kimetohoa neno "dozi" kutoka Kiingereza, lakini maana haikuhama nzima. Katika Kiingereza cha maduka ya dawa na cha mitihani, "dose" ni kiasi kinachotolewa kwa wakati mmoja. Katika Kiswahili cha Watanzania, dozi ni matibabu yote tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Ndiyo maana husemwa "maliza dozi", "ameacha dozi njiani", "dozi ya siku tatu".

Dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006, inatoa mfano ulio wazi. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vidonge 4 kila mara, kwa mara 6, ndani ya siku 3. Mwananchi akiulizwa dozi ya mseto ni vidonge vingapi, atajibu 24, naye amesema kweli kwa Kiswahili chake. Mtahiniwa akiulizwa swali hilohilo kwa Kiingereza, jibu sahihi ni 4. Kati ya 24 na 4 hakuna kosa la hesabu hata moja. Kuna neno moja lenye maana mbili.

Neno "kipimo", ambalo wengine hulipendekeza badala ya dozi, nalo lina mzigo wake, kwani mgonjwa anayeambiwa "kipimo" hufikiri kwanza habari ya maabara. Lugha hata hivyo haikukosa njia. Kiasi cha kumeza mara moja kinaweza kuitwa "mkupuo", neno ambalo kila msemaji analielewa. Kiasi cha saa 24 kiitwe "dozi ya siku". Na matibabu yote yaitwe "dozi kamili". Mwalimu akishika istilahi hizi tatu bila kuyumba, mwanafunzi wake atajifunza kuliuliza kila swali la mtihani: huu ni mkupuo, ni dozi ya siku, au ni dozi kamili?

3.2 Kwa

Kihusishi "kwa" kina kazi nyingi katika Kiswahili, na wanasarufi wamekieleza kwa marefu. Katika ukokotoaji wa dawa, wingi huo wa kazi ni hatari. Hebu itazamwe sentensi hii, ambayo haina kosa lolote la kisarufi: "Apewe mara 2 kwa siku kwa siku 5." Kikundi "kwa siku" cha kwanza kina maana ya kila siku moja. Cha pili kina maana ya muda wote wa matibabu. Msikilizaji hutenganisha maana hizo kwa kutegemea tarakimu inayofuata. Akiikosa tarakimu hiyo, amekosa kila kitu.

Kwa hiyohiyo hufanya kazi nyingine tatu. Husema uwiano wa dawa na uzito, kama katika "miligramu 15 kwa kilo". Husema nguvu ya dawa ya maji, kama katika "miligramu 120 kwa mililita 5". Aidha hutumika katika tendo lenyewe la hesabu, "gawanya kwa 2". Kiingereza cha mtihani huzigawa kazi hizi kwa maneno mbalimbali, "per", "in", "over", "by" na "for". Mwanafunzi anayeyatafsiri yote kwa "kwa" moja hujikuta na sentensi ambayo viungo vyake vimefanana.

Matokeo yake huonekana katika swali la dripu. Tuseme mgonjwa ameagizwa mililita 500 za maji zipite ndani ya saa 4, na mpira wa dripu unatoa matone 20 katika kila mililita. Mililita 500 mara matone 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Matone 10,000 yakigawanywa kwa dakika 240 ni 41.67, yaani matone 42 kila dakika. Lakini mtahiniwa aliyeandika pembeni "500 kwa saa", akaisahau 4, atagawanya matone yaleyale kwa dakika 60 na kupata 167. Hesabu yake ni safi. Mgonjwa wake atapokea maji ya saa nne katika saa moja.

Tiba ya kosa hili ni ya kilugha. Pasemwe "miligramu 15 kwa kila kilo", "miligramu 120 ndani ya mililita 5", "mililita 500 zipite katika muda wa saa 4", "mara 2 kila siku, muda wa siku 5". Sentensi hurefuka kidogo, lakini kila uhusiano hupata jina lake.

3.3 Kutwa, kucha na saa

Bahasha za dawa nchini Tanzania zimezoea kuandikwa 1x3 au 2x3, na mtoa dawa huzisoma "moja kutwa mara tatu", "mbili kutwa mara tatu". Uandishi huu una utata wa aina mbili. Kwanza, aliyesoma hesabu huona kuzidisha, na 2x3 kwake ni 6. Pili, neno "kutwa" lina historia. Asili yake ni kitenzi kinachoeleza jua kuzama, na mwenzake ni "kucha", yaani usiku kufikia mapambazuko. Msemaji husema "mchana kutwa" na "usiku kucha". Kwa mujibu wa asili hiyo, kutwa ni muda wa mwangaza tu. Mgonjwa anayemeza dawa asubuhi, adhuhuri na kabla ya jua kuzama ametii neno aliloambiwa. Lakini kama dawa ilitakiwa kila baada ya saa 8, ameipanga yote ndani ya saa 12 na kuuacha mwili usiku kucha bila kitu.

Hesabu ya saa huongeza kivuko kingine. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na mtihani hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Ratiba ya kila saa 8 inayoandikwa 06:00, 14:00 na 22:00 husomwa kwa Kiswahili saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Mwanafunzi anayejaribu kuongeza 8 juu ya saa za Kiswahili bila kutaja kipindi cha siku hupotea upesi. Kanuni iliyo salama ni kukokotoa kwa saa 24, kisha kutafsiri jibu likiwa limekamilika, na kutaja daima asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Vivyo hivyo, "kila baada ya siku mbili" hueleweka kwa namna mbili. Aliyepewa dawa Jumatatu, mmoja atairudia Jumatano na mwingine Alhamisi. Wote wawili ni wasemaji hodari wa Kiswahili. Kutaja majina ya siku ndiyo njia pekee ya kuondoa shaka.

3.4 Namba na nukta

Kiswahili kilirithi kutoka Kibantu moja hadi tano, nane na kumi, kikakopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu pamoja na makumi yote kuanzia ishirini. Kisukuma kimehifadhi tandatu, mpungate na kenda. Msemaji wa Kiswahili anayeshangaa neno "mpungate" akumbuke kwamba lugha yake mwenyewe inalo ndugu yake: "fungate", zile siku saba za arusi.

Ukopaji huu uliwapa wasemaji wa Kiswahili kinga ambayo Kiingereza hakina. Katika Kiingereza "fifteen" na "fifty" hutofautiana kwa sauti ya mwisho tu, na katika simu yenye mkwaruzo au wodi yenye kelele 15 hugeuka 50. Katika Kiswahili, kumi na tano na hamsini havichanganyiki hata kwa mbali. Muuguzi anayepokea agizo la mdomo kwa Kiingereza na kulirudia kwa Kiswahili, "kumi na tano, siyo hamsini", anatumia utajiri wa lugha yake kulinda uhai wa mtu.

Kwa upande wa desimali, kinga iko katika namna ya kusoma. Andiko 0.25 likisomwa "sifuri nukta ishirini na tano", sikio husikia ishirini na tano, na 0.5 ikisomwa "sifuri nukta tano", sikio husikia tano. Mwanafunzi mdogo hushawishika kuamini kwamba ya kwanza ni kubwa. Isomwe "sifuri nukta mbili tano", tarakimu kwa tarakimu, na ushawishi huo hutoweka. Tena kuna njia ya zamani zaidi. Katika soko la Bariadi, mtu akinunua robo kilo ya sukari na nusu lita ya mafuta, hakuna anayedhani robo inazidi nusu. Robo ni 0.25, nusu ni 0.5. Mwalimu anayeanza na robo na nusu, akafika kwenye desimali baadaye, anapanda mbegu katika udongo uliokwisha kulimwa.

Kanuni mbili za maandishi hufuata hapo. Sifuri ya mbele iandikwe daima: 0.5, kamwe isiwe .5, kwa kuwa nukta iliyo peke yake hupotea na kuacha 5. Sifuri ya nyuma isiandikwe: 5, kamwe isiwe 5.0, kwa kuwa nukta ikififia hubaki 50. Na anayevuka mpaka kwenda Goma au Bukavu ajue kwamba huko, kwa desturi ya Kifaransa, mkato ndio unaotenga desimali: 0,5 ni nusu. Wasemaji wa Kiswahili wa pande mbili za Ziwa Tanganyika wanaweza kuandika namba ileile kwa alama tofauti.

4.0 Mifano miwili

Mkoa wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayozalisha pamba kwa wingi, na watoto wengi wa huko wameshuhudia mzani wa chama cha msingi. Mkulima akipeleka kilo 180, na bei ikiwa tuseme shilingi 1,000 kwa kila kilo, mtoto wa darasa la nne hutaja malipo kabla karani hajaandika. Kukokotoa dawa kwa uzito wa mtoto ni tendo hilohilo: badala ya shilingi kwa kila kilo ni miligramu kwa kila kilo. Mwanafunzi aliyeweza hesabu ya pamba ana msingi wa kutosha. Anachohitaji ni kulitambua swali lililovaa mavazi mengine.

Mfano wa kwanza ni huu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ameagizwa amoksilini miligramu 80 kwa kila kilo kila siku, igawanywe katika mikupuo miwili, kwa muda wa siku 5. Dawa iliyopo ni ya maji, yenye miligramu 250 ndani ya mililita 5. Ni mililita ngapi za mkupuo mmoja?

Mtahiniwa aanze kwa kulisimulia swali upya kwa Kiswahili, bila kugusa hesabu. Atasema: "Ninatafuta mililita. Ninatafuta za mkupuo mmoja. Miligramu 80 ni za siku nzima, siyo za mkupuo." Baada ya hapo namba hujipanga zenyewe. Kilo 10 mara miligramu 80 ni miligramu 800 za siku. Mikupuo ni miwili, hivyo kila mmoja ni miligramu 400. Miligramu 400 zikigawanywa kwa 250, kisha kuzidishwa kwa mililita 5, jibu ni mililita 8.

Sasa yatazamwe majibu ambayo mtunga swali anaweza kuyaweka: 8, 16 na 80. Kumi na sita ni mililita za siku nzima. Themanini ni za siku zote tano. Kila moja ni hesabu sahihi ya swali ambalo halikuulizwa. Mkupuo, dozi ya siku na dozi kamili zimesimama pamoja zikimngoja msomaji ambaye kwake zote zinaitwa dozi.

Mfano wa pili unatoka katika chumba cha kujifungulia. Mama mwenye kifafa cha mimba huanzishiwa magnesiamu salfeti gramu 4 kupitia mshipa, katika myeyusho wa asilimia 20. Dawa iliyopo ni ya asilimia 50. Neno "asilimia" limebeba "mia" ndani yake, na hiyo mia ndiyo ufunguo: asilimia 50 ni gramu 50 ndani ya mililita 100, yaani gramu 1 ndani ya mililita 2. Gramu 4 basi ni mililita 8. Asilimia 20 ni gramu 20 ndani ya mililita 100, yaani gramu 4 ndani ya mililita 20. Kwa hiyo mililita 8 za dawa huongezwa mililita 12 za maji maalumu ya sindano ili zitimie 20.

Mtego wa swali hili ni neno dogo "hadi". "Ongeza maji hadi mililita 20" kuna maana ya kuongeza 12. "Ongeza maji mililita 20" kungeleta mililita 28, na myeyusho usingekuwa tena wa asilimia 20. Kiingereza kina mtego huohuo, na mtahiniwa anayesoma kwa haraka huliruka neno hilo kwa kuwa halina tarakimu.

Kutokana na mifano hii, utaratibu wa kusoma unaweza kuelezwa hivi. Kwanza, mtahiniwa ataje kinachotafutwa na kipimo chake. Pili, aamue kama namba iliyotolewa ni ya mkupuo, ya siku au ya matibabu yote. Tatu, avilinganishe vipimo, gramu kwa gramu na miligramu kwa miligramu, kabla ya kugawanya. Nne, asiandike namba yoyote bila kipimo chake. Tano, alisome jibu kwa sauti kama atakavyomwambia mzazi. Muuguzi atakayejisikia akisema "mama, mnyweshe mtoto mililita themanini kwa mara moja" atashtuka mwenyewe, kwa kuwa anaijua chupa ya dawa ya mtoto ilivyo ndogo. Hatua hiyo ya tano haimo katika kanuni ya hesabu. Iko katika lugha.

5.0 Je, mtihani uwe kwa Kiswahili?

Katika ukumbi wa chuo cha Kiswahili swali hili haliwezi kukwepwa. Wako wanaodai kwamba mtihani ukitungwa kwa Kiswahili, vikwazo vilivyoelezwa vitaondoka. Hoja yao ina nguvu: muuguzi atamhudumia Mtanzania, na Mtanzania huzungumza Kiswahili. Istilahi nazo hazikosekani kabisa, maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba tangu miaka ya 2000.

Wako pia wanaopinga, nao wana hoja. Lebo za dawa, miongozo ya mitambo na maandishi ya daktari huja kwa Kiingereza. Muuguzi asiyeweza kuyasoma ni hatari hata kama amefaulu kwa Kiswahili. Tena, kama ilivyoonyeshwa, utata wa "kwa", "kutwa" na "dozi" ni wa Kiswahili chenyewe. Kuhamisha mtihani bila kusanifu lugha ya vipimo kungebadili mahali pa mtego na kuuacha mtego ulivyo.

Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba kazi ya kwanza iko darasani, na haihitaji kungoja sera. Swali la Kiingereza lisimuliwe kwa Kiswahili katika kila kipindi cha ukokotoaji, kwa istilahi zilizokubaliwa, na jibu lake liagizwe kwa mdomo kwa lugha ya mgonjwa. Katika vyuo vinavyopokea wanafunzi wa Kanda ya Ziwa, zoezi la mwisho linaweza kuwa kumweleza bibi wa Itilima, kwa Kisukuma, ni kiasi gani cha dawa na ni saa ngapi. Mwanafunzi asiyeweza kulisema jibu hilo kwa bibi hajalielewa, hata kama ameliwekea alama mahali panapostahili. Wanaisimu nao wana deni. Istilahi za vipimo, za muda na za mgawanyo wa dawa zinahitaji kusanifiwa pamoja na wauguzi wenyewe, wala si kutungwa maktabani na kupelekwa wodini zikiwa zimekauka.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba swali la ukokotoaji wa dawa ni tawi la isimu kadiri lilivyo tawi la hisabati. Neno "dozi" linaweza kugeuza 4 kuwa 24. Neno "kwa" linaweza kugeuza 42 kuwa 167. "Kutwa" inaweza kumwacha mgonjwa bila dawa hadi alfajiri, na nukta iliyofifia inaweza kugeuza 5 kuwa 50. Kwa upande mwingine, "robo" na "nusu" humlinda mwanafunzi dhidi ya desimali, na "hamsini" humlinda dhidi ya kumi na tano.

Mtahiniwa aliyetoka Nkololo huingia katika chumba cha mtihani na lugha tatu kichwani. Amezoea kuambiwa kwamba mbili kati ya hizo aziache mlangoni. Aingie nazo zote. Swali alisome kwa Kiingereza, alisimulie kwa Kiswahili, na jibu alijaribu kwa lugha ya yule atakayelimeza. Siku atakaposimama kando ya kitanda huko Bariadi, hapatakuwa na majibu manne ya kuchagua. Patakuwa na mtoto, chupa ya dawa, na mzazi anayeuliza: "Nimpe kiasi gani?"